Bluu Katika Chumba cha Kompyuta

Mara ya kwanza bluu ilipotokea, wanafunzi wa kidato cha tatu walidhani ni sehemu ya somo, wakaanza kuinakili madaftarini. Kioo chote cha kompyuta kiligeuka bluu, juu yake maandishi meupe ya Kiingereza na kijiuso kilichonuna, nukta mbili na mkunjo mmoja. Hilda, aliyekuwa ameshika kipanya, aliondoa mkono taratibu kama mtoto aliyeambiwa asiguse vya watu.

“Futeni hayo,” alisema Mwalimu Hyasinti. “Si ya kuandika. Mashine imepata hitilafu, itawaka yenyewe.”

Ikawaka yenyewe kweli, wakafurahi. Kabla hawajamaliza jedwali walilokuwa wanachora, bluu ikarudi.

Hyasinti alikulia Mpepai, juu huko milimani kwa Wamatengo, kwenye mahindi na kahawa. Kompyuta ya kwanza aliigusa akiwa chuo kikuu, na siku hiyo alikinyanyua kipanya hewani akakielekeza kwenye kioo kama rimoti ya televisheni. Darasa zima lilicheka. Mhadhiri naye alicheka. Hyasinti alicheka pamoja nao, ndivyo mtu anavyofanya, lakini kicheko kile alitembea nacho miaka yote iliyofuata kama kijiwe ndani ya kiatu. Alipopangiwa sekondari ya kata huku mwambaoni mwa ziwa, upande wa Chiwanda, karibu na mpaka wa Msumbiji, wenzake walimpa pole. Yeye alishuka na begi lake na nia moja tu: hakuna mtoto wa shule ile atakayekuja kuchekwa kwa sababu ya kipanya.

Aliandika barua za kuomba mashine mpaka watu wakamzoea kama mwendawazimu mpole. Mwishowe zikaja tatu, zimetoka katika ofisi ya mbali iliyokwisha kuzichoka. Mbili zilikuwa maiti tangu zinafunguliwa. Kuna mambo mtu akiyafikiri sana anaweza kupasuka: kwamba mahali fulani waliketi watu wakaamua kuwa kilichochakaa kwao ndicho cha kuanzia kwa mtoto wa mwambao, naye apige makofi. Makofi yalipigwa. Mchungaji aliombea mashine, kwaya ikaimba, na ile moja iliyokuwa hai ilipowaka, akina mama walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia uwanjani.

Siku hiyohiyo Bibi Rosina alileta vazi.

Bibi Rosina ni bibi yake Hilda, mzaa mama, naye ndiye aliyemlea. Ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisani, mwanamke mfupi mwenye vidole virefu, na hakuna nyumba katika kijiji kile isiyokuwa na kitambaa kilichotoka katika sindano yake. Katika nyumba za huku kitu cha thamani hakiachwi uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, kochi lina vyake, hata jagi la maji ya wageni lina kofia. Kukiacha kitu wazi ni kusema hadharani kwamba hukithamini. Basi Bibi Rosina alikuwa amepita shuleni kimyakimya kabla ya sherehe, akalipima boksi la mashine, lile la bati linalokaa kando ya kioo, kwa kamba, akalifumia vazi lililolienea kutoka juu mpaka mezani, jeupe, lenye samaki wa bluu kuzunguka pindo. Mbele aliacha tundu mbili, moja ya kitufe cha kuwashia na moja ya kuchomekea flashi, nazo alizipamba kwa uzi wa bluu kama tundu za kifungo cha shati. Mashine ilitumika ikiwa imevaa, haikuhitaji kuvuliwa kamwe.

“Mwalimu, wewe ni mtu wa mlimani,” alimwambia mbele ya watu, “huwajui nkungu. Wakitoka ziwani utawatafuna hadi kwenye chai. Hii nguo usiivue.”

“Haitavuliwa, Bibi,” alisema Hyasinti. Akaliandika hilo ukutani kwa rangi, likawa sheria ya kwanza ya chumba: Mashine isiachwe wazi.

Nkungu ni vijidudu vidogo kuliko mbu. Huzaliwa majini, na siku wanayotoka huonekana kwa mbali kama moshi mweusi umesimama juu ya ziwa, kana kwamba maji yanaungua. Upepo ukiwaleta nchi kavu, watu hufunga madirisha na kufunika sufuria. Kwa hiyo Bibi Rosina hakukosea kuhusu nkungu.

Somo lilianza vizuri. Wanafunzi kumi na mmoja walilichagua, nao walikaa kwa zamu mbele ya kioo, mmoja akibonyeza na wengine wakisoma kutoka mgongoni kwake. Hilda ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Aliandika bila kutazama vidole, ujuzi alioupata kwa kujizoeza juu ya kipande cha boksi alichokichorea herufi, akiwa anawafukuza ndege waliotaka usipa, vile visamaki vya ziwani, aliouanika bibi yake juani. Alikuwa ameshasema anataka kwenda kusomea kompyuta chuoni, na kwa mara ya kwanza katika ukoo wao hakuna aliyecheka mtoto aliposema jambo la namna hiyo.

Ila somo lilikuwa bado halijaruhusiwa rasmi. Kabla ya usajili wa kidato cha nne, afisa wa elimu angekuja kukagua na kutazama kwa macho yake mwanafunzi akifanya kazi ya vitendo kwenye mashine, mwanzo hadi mwisho. Akiridhika, wanafunzi wangesajiliwa kufanya mtihani wa somo hilo. Asiporidhika, somo lingefutwa, na mashine ingehamishiwa shule nyingine ambako ingefaa. Hyasinti aliwaeleza wanafunzi hayo tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakupenda kuwaficha watoto mambo yanayowahusu.

Ndipo bluu ikaja, nayo ikaja tena na tena.

Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa kipindi. Walimu wote walikuwa na jibu moja: virusi. Hyasinti alipiga marufuku flashi za nje, akaisafisha mashine kwa programu aliyoibeba kutoka mjini. Bluu haikujali. Akaanza kupanda kwenye mwamba nyuma ya kijiji, mahali pekee penye mtandao wa kueleweka, akiwa na maneno ya kwenye kioo aliyoyapiga picha kwa simu, kuyatafutia maana. Leo maneno yalisema kumbukumbu, kesho yalisema kitu kingine kabisa. Maelezo aliyoyapata, baada ya bando kukaribia kuisha, yalikuwa kwamba tatizo hilo huenda limetokana na vifaa, au na programu, au na kitu kingine. Hyasinti alikaa kwenye ule mwamba akacheka peke yake. Ilikuwa sawa na daktari kukuambia kwamba mgonjwa wako anaumwa kichwa, au tumbo, au mguu.

“Nilijua,” alisema mkuu wa shule, Mwalimu Winifrida, mzaliwa wa palepale ufukweni, aliposimuliwa. “Mmatengo akikaa karibu na maji hata vitu vyake vinageuka rangi ya ziwa.”

“Madam, mkaguzi anakuja.”

“Najua anakuja, Mwalimu. Ndiyo maana natania. Nikiacha kutania nitalia.”

Akampa ruhusa ya kuipeleka mashine Mbinga. Bibi Rosina alilivua vazi kwa mikono yake, akalikunja. “Hili linabaki,” alisema. “Mjini wataliiba.” Boksi likafungwa ndani ya kitenge, likapanda bodaboda hadi Mbamba Bay, halafu basi lililokwea milima kona baada ya kona, Hyasinti amelipakata njia nzima kama mama aliyempeleka mtoto kliniki.

Fundi wake Mbinga aliitwa Praygod, kijana mnene mcheshi mwenye kibanda karibu na stendi. Alilifungua boksi pembeni, akaliacha wazi mezani, akaliwasha. Likawaka. Akalipigisha muziki, likapiga. Akalichezesha gemu, likacheza. Kutwa nzima bluu haikuonekana hata kwa dawa.

“Ticha, huyu mgonjwa wako mzima,” alisema Praygod. “Au alitaka tu kutembea mjini?”

“Kule anakufa kila siku.”

“Basi ni Windows. Nipige Windows mpya?”

Mafundi husema kupiga Windows kama mtu anavyosema kupiga pasi, jambo jepesi lisiloacha doa. Hyasinti alikubali. Alikumbuka kuuliza kuhusu kazi za wanafunzi wakati kila kitu kilichokuwamo kimekwisha kufutwa: majedwali yao, barua zao za mazoezi, na simulizi ndefu ya Hilda kuhusu kijiji, ambayo alikuwa ameiandika kwa zamu zake zote za muhula mzima.

“Hukuniambia kuna vitu, Ticha,” alisema Praygod, na uso wake ulikuwa umepoteza mzaha wote. “Pole sana, kaka. Hukuniambia.”

Ili kufidia, akaisafisha mashine bure. Alitoa kipande cha kumbukumbu, akakisugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa penseli. Alipuliza feni, zikatoka nkungu waliokauka, wengi, kama majani ya chai. Alitikisa kichwa. “Hawa ndio wachawi wako. Ifunikeni vizuri hii mashine. Mdudu asipate pa kupenya.”

Hyasinti alirudi na neno hilo kama mtu aliyebeba dawa. Hakuuliza ifunikwe lini, ikiwa imezimwa au ikiwa inafanya kazi, na Praygod hakufikiri kwamba kuna mahali duniani ambako mashine inafanya kazi ikiwa imevaa. Bibi Rosina aliposikia alifurahi kwamba hata mjini wameona alichokiona yeye. Akalipeleka vazi kwa fundi cherehani, likatiwa bitana ya kitambaa kizito kwa ndani, ili hata kwenye vitundu vya uzi mdudu asipite. Lilipovalishwa tena, boksi lilipendeza zaidi, likasimama wima na nono kama mwanakwaya.

Bluu ikawa mara tatu kwa kipindi. Halafu ikawa vigumu kuhesabu.

Hyasinti akaingia katika ile hali inayowapata watu waliouguza kwa muda mrefu, ya kujaribu chochote kinachotajwa. Aliazima kanisani kifaa cha kutulizia umeme, kile cha kinanda, na Jumapili mbili kwaya ikaimba bila kinanda kwa ajili ya somo la kompyuta. Hakuna kilichobadilika. Alichukua kipande cha kumbukumbu kutoka kwenye moja ya zile maiti, akakibadilisha, akaomba. Alibadilisha na waya. Aliihamisha meza kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Alifika mahali akaanza kuitazama saa kabla ya kuwasha, kana kwamba mashine ina saa zake za hasira.

Alimpigia Praygod kutoka kwenye mwamba.

“Kwako haizimi, kwangu inazima. Tofauti ni nini?”

“Umeme, Ticha.”

“Umeme nimeutuliza.”

“Basi hewa ya huko. Chumvi.”

“Ziwa letu halina chumvi, Praygod.”

“Kumbe. Basi unyevu.”

Hyasinti alikata simu, akabaki ameitazama ile bluu kubwa chini yake, ambayo watalii hulipia kuiona. Alianza kuichukia, naye aliona aibu kuichukia, maana watu wote anaowafundisha walikuwa wanakula kutoka humo.

Kulikuwa na Jumamosi moja ambayo yeye aliikumbuka baadaye kuliko siku nyingine zote. Vazi lilikuwa limeanza kunuka, maana usipa ulianikwa karibu na dirisha, na Hilda alilivua asubuhi akaenda kulifua ziwani pamoja na nguo za nyumbani. Wenzake hawakungoja likauke. Waliwasha mashine hivyohivyo, wakaanza kuandika upya kazi zilizofutwa Mbinga. Wakaandika asubuhi nzima. Wakala mihogo yao, wakaendelea. Wakaandika hadi jua likageukia upande wa pili, na Hilda akairudia simulizi yake yote kwa kumbukumbu, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kukatizwa.

Hyasinti alikuwa kwenye kikao cha wazazi. Alipotoka alimkuta Bibi Rosina amesimama nje ya dirisha la chumba cha kompyuta, mikono kiunoni, akiitazama mashine uchi.

“Naona mmeichoka,” alisema Bibi Rosina.

“Hapana, Bibi, shikamoo.”

“Marahaba. Naona mmeichoka nguo yangu.”

Hyasinti aliingia na hasira ambayo kwa kweli haikuwa ya Hilda. Ilikuwa ya mwezi mzima. Aliuonyesha ukuta. “Someni hapo. Sheria ya kwanza inasemaje?” Hilda alisoma. “Nkungu wakiingia leo, na mkaguzi anakuja mwezi huu, nani atajibu? Wewe?” Hilda alisema kwamba alikuwa analifua tu, lilikuwa linanuka. Hyasinti alimpa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya vyoo wiki nzima. Wanafunzi walitaka kumwambia jambo. Mmoja alianza, “Mwalimu, lakini leo haija...” na Hyasinti alimnyamazisha kwa mkono.

Jumatatu vazi lilikuwa limerudi, safi, limepigwa pasi. Na bluu ikarudi.

Siku ya mkaguzi, asubuhi, moshi mweusi ulisimama juu ya ziwa. Mwalimu Winifrida aliagiza madirisha yote yafungwe. Akina mama walikuja wamevaa sare zao za kanisani, na chumba kidogo kikajaa watu, pumzi na harufu ya manukato. Juu ya vazi la mashine Bibi Rosina alikuwa ameongeza kitambaa cha pili, kipya, kwa heshima ya mgeni.

Mgeni aliitwa Madam Gaudiosa. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, mchovu wa barabara, wala si katili. Alisalimia kila mtu. Alivisifu vitambaa. Akaketi nyuma ya Hilda, akampa karatasi ya kazi, akasema, “Haya binti, anza, usiniogope.”

Hilda hakuogopa. Vidole vyake vilikwenda kama mvua kwenye bati, na Madam Gaudiosa aliinama mbele, akasahau uchovu. Aliandika barua, akaipanga, akaanza jedwali. Hyasinti, aliyesimama mlangoni, alijikuta anaomba kwa Kimatengo, lugha ambayo hakuwa ameomba nayo tangu utotoni.

Bluu ikaja.

Mashine ikajiwasha yenyewe. Hilda alianza upya bila kuambiwa, haraka zaidi, midomo ameibana. Safari hii hakufika hata kwenye jedwali. Akaanza tena. Mara ya tatu bluu ilikuja kabla hajaandika jina la shule, na mikono yake ikabaki juu ya herufi, haiendi mbele wala hairudi.

“Inatosha, binti,” alisema Madam Gaudiosa. “Umefanya vizuri. Si wewe.”

Walitoka nje, akazungumza na Mwalimu Winifrida na Hyasinti kando ya gari. Alisema ameona uwezo wa mtoto, lakini somo la vitendo haliwezi kuruhusiwa kwenye kifaa ambacho hakimalizi kazi moja. Usajili unafungwa karibuni. Wanafunzi wapewe masomo mengine, na mashine aondoke nayo leo, kuna shule ya mjini yenye fundi wake. Alisema pole. Aliisema kwa dhati, na hiyo ndiyo iliyouma, kwa sababu mtu mkali unaweza angalau kumchukia.

Dereva aliingia kuchukua mashine. Akina mama waliivua wenyewe, kitambaa kimoja kisha kingine, Bibi Rosina akapokea vyote mikononi. Dereva alilikumbatia boksi, akaliachia papo hapo.

“Mwalimu, hii mnaipikia?” aliuliza. “Inachoma kama chungu.”

Hyasinti aliweka kiganja juu ya bati. Akakiweka nyuma, penye vitundu vya kutolea hewa, ambavyo tangu siku ya sherehe vilikuwa vimefunikwa na samaki wa bluu. Mkono ulishindwa kukaa. Na papo hapo mambo yote yakajipanga, moja baada ya jingine, kwa upole wa kutisha: kibanda cha Praygod na boksi lililofunguliwa wazi, nguo iliyobaki nyumbani isiibiwe mjini, bitana, na ile Jumamosi. Mashine haikuwa na virusi wala unyevu. Haikuchukizwa na ziwa. Ilikuwa inakosa pumzi. Walikuwa wameifunika kwa upendo mpaka inazimia, na kila ilipozimia wakaongeza nguo.

Alifungua kinywa. Mbele yake alisimama Bibi Rosina, vitambaa kifuani kama mtu aliyepokea mtoto, na akina mama wenzake walikuwa wanampa mkono mmoja mmoja, wakimwambia kwamba yeye alitimiza sehemu yake, kwamba angalau mashine yetu inaondoka safi. Aliangalia vidole vile virefu. Akafunga kinywa.

Boksi likapakiwa. Ndipo akamkimbilia Madam Gaudiosa, akainama kwenye dirisha la gari.

“Madam, ni joto. Ni joto tu. Tukiiacha wazi na dirisha moja, itafanya kazi. Nipe nafasi moja tu, hapahapa, sasa hivi.”

Alisema kwa sauti ya chini sana, akiwatupia macho akina mama walio nyuma yake.

Madam Gaudiosa aliyafuata macho yake. “Mwalimu,” alisema, “kama ni kweli, kwa nini unanong'ona?”

Angeweza kuinua sauti. Kwa miaka yote aliyokuwa pale alikuwa mtu wa kuinua sauti: kwenye vikao, kwenye barua, mbele ya diwani, kwa ajili ya madawati, kwa ajili ya choo cha wasichana. Watu walimjua kwa hilo. Siku hiyo sauti haikuja. Ilikuwa ni lazima iseme kitu kimoja tu, kwamba nguo ya Bibi Rosina ndiyo iliyoua somo, na iseme mbele ya mwanamke aliyelipima boksi kwa kamba kama anavyopimwa bibi harusi.

“Kila shule ninayokwenda naambiwa mashine itafanya kazi kesho,” alisema Madam Gaudiosa bila ubaya. “Niandikie barua.” Akamgusa dereva bega.

Aliandika barua. Safari hii aliandika kila kitu. Ilijibiwa baada ya usajili kufungwa, kwa heshima, ikimshukuru kwa moyo wake.

Praygod alimtumia ujumbe muda si mrefu baadaye. Alikuwa ameitwa kwenye ile shule ya mjini kufunga waya, akamkuta mgonjwa wao wa zamani kwenye dirisha lenye upepo. “Ticha inapiga kazi balaa, hawajui hata bluu ni nini. Hewa ya mjini imemfaa.” Hyasinti alisoma ujumbe ule juu ya mwamba. Alikaa mpaka baridi ikamwingia, akijiuliza ni vitu vingapi katika nchi hii vinakufa namna hiyo, pasipo adui, watu wote wamefanya kila walichokijua na aliyejua hayupo, na aliyekuja kujua hakusema.

Chumba cha kompyuta sasa kinawekwa mahindi ya uji wa wanafunzi. Sheria ya kwanza bado iko ukutani, rangi haijatoka. Wale kumi na mmoja walipewa masomo mengine. Wengine walishukuru, maana yalikuwa mepesi.

Hilda alimfuata siku moja wakati anafunga chumba, akasimama na jembe begani, alikuwa anatoka kwenye shamba la shule.

“Mwalimu, ilikuwa nini?”

Hyasinti hakuwahi kuwaficha watoto mambo yanayowahusu. “Joto,” alisema.

“Joto tu?”

“Joto tu. Ilikuwa haipumui.”

Hilda alitazama chini. Hakuchukua muda mrefu, alikuwa mwepesi kuliko wote. Hyasinti aliona jinsi ilivyomfikia: ziwani, sabuni, nguo inayokauka kwenye jiwe, na simulizi ndefu inayotiririka bila kukatizwa. Halafu panga, nyasi nyuma ya vyoo, wiki nzima. Alisubiri Hilda amwambie hayo usoni. Alitamani amwambie.

“Bibi anajua?” aliuliza Hilda.

“Hapana.”

“Usimwambie, Mwalimu.”

“Sitamwambia.”

Hilda alihamisha jembe bega hadi bega. “Anafuma kingine,” alisema. “Kikubwa kuliko kile. Anasema mashine nyingine ikija, isikute hatuna cha kuivisha.”

Akaaga kwa adabu, akashuka kuelekea ufukweni, ambako usipa ulikuwa umeanikwa na ndege wameanza kuzunguka. Hyasinti alifunga kufuli. Alisimama pale akiwa ameshika ufunguo, akasikiliza ziwa.